Upigaji picha katika kuruka kwa parachuti

Upigaji picha katika kuruka kwa parachuti ni kazi ya kurekodi video au kupiga picha za warukaji wanapoanguka hewani kabla ya kufungua parachuti (pia: mwavuli). Anayeifanya huitwa mpigapicha wa angani. Mtu huyu anaruka kutoka kwenye ndege pamoja na wale anaowapiga picha, anaanguka kwa kasi sawa na yao, na kamera huwa imefungwa kwenye kofia yake ngumu ili mikono yake ibaki huru.

Kazi hii ina matumizi makuu manne: kuwapatia kumbukumbu wageni wanaoruka kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungwa kwa mkufunzi, kuwasaidia wanafunzi kuona makosa yao, kuwaonyesha waamuzi wa mashindano kilichotokea angani, na kutengeneza filamu za sinema.

Warukaji wengi hutamani kuanza kubeba kamera mapema, kwa sababu kamera za siku hizi ni ndogo na bei yake si kubwa. Hata hivyo vyama vya mchezo huu huweka masharti ya uzoefu kabla ya kuruhusu jambo hilo. Sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi mtu akijua kwanza mruko wenyewe unavyokwenda.

## Mruko unavyokwenda

Kwa kawaida ndege hupanda hadi kimo cha mita 4,000 hivi. Mrukaji akishatoka mlangoni, kasi yake huongezeka kwa sekunde 10 hadi 12 za mwanzo. Baada ya hapo ukinzani wa hewa huwa sawa na uzito wake, na kasi haiongezeki tena. Kasi hiyo huitwa kasi ya kikomo. Kwa mtu anayeanguka kifudifudi, tumbo likielekea chini, ni takriban kilomita 190 hadi 200 kwa saa, yaani zaidi ya mita 50 kwa kila sekunde.

Kwa hiyo muda wa anguko huru, kutoka mlangoni hadi kufungua parachuti, hauzidi dakika moja hivi. Katika muda huo mrukaji wa kawaida ana kazi ya kuangalia kimo, kudhibiti mwili wake, kuwatambua wenzake walipo, kujitenga nao kabla ya kufungua, na kufungua parachuti kwa wakati. Mpigapicha ana kazi hizo zote, na juu yake anapaswa kuwaweka wenzake katikati ya picha, kuangalia jua lilipo na kubonyeza kitufe cha kamera.

Hesabu ndogo inaonyesha tatizo liko wapi. Mtu akisahau kuangalia kimo kwa sekunde 5 tu kwa sababu anatafuta picha nzuri, ameshashuka zaidi ya mita 250. Akisahau kwa sekunde 15, ameshuka karibu mita 800.

## Historia

Picha za kuanguka angani zilianza kupigwa kwa kamera zilizofungwa kwenye ndege au puto. Mfano maarufu ni mruko wa Joseph Kittinger wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyeruka kutoka kwenye puto juu ya jimbo la New Mexico tarehe 16 Agosti 1960, kwenye kimo cha zaidi ya mita 31,000. Kamera za kujiendesha zilizokuwa kwenye chombo cha puto ndizo zilizompiga picha akiondoka. Kamera ya namna hiyo huona mwanzo wa mruko tu. Ili kuonyesha anguko lenyewe, ilibidi mwenye kamera naye aanguke.

Miongoni mwa waliokuza kazi hii ni Mmarekani Carl Boenish (1941–1984). Alikuwa mhandisi wa umeme, akaacha ajira yake ili apige filamu za warukaji. Alipiga sehemu za angani za filamu ya The Gypsy Moths (1969) iliyoongozwa na John Frankenheimer. Mwaka 1978 alirekodi warukaji waliotumia parachuti kuruka kutoka kwenye jabali la El Capitan katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, na picha hizo zilisaidia kuenea kwa mchezo wa kuruka kutoka kwenye majabali na majengo. Alifariki mwaka 1984 huko Norwei, aliporuka kutoka kwenye jabali la Trollveggen.

Sehemu ya kwanza ya filamu ya James Bond iitwayo Moonraker (1979) inaonyesha watu wakipigana angani na kugombea parachuti. Kwa kuwa kila mruko ulitoa sekunde chache tu za picha zinazofaa, ilihitajika miruko 88 kuikamilisha sehemu hiyo. Mpigapicha alivaa kamera ya filamu iliyopunguzwa uzito kwenye kofia yake.

Katika miaka ya 1980 kamera za video zilichukua nafasi ya filamu kwa shughuli za kila siku. Mwanzoni kifaa cha kurekodi kilikuwa kikubwa na kilibebwa mwilini, kikiunganishwa kwa waya na kamera iliyokuwa kichwani. Baadaye kamera na kinasa vikawa kitu kimoja. Kampuni ya GoPro, iliyoanzishwa na Nick Woodman mwaka 2002 huko California, ilitoa kamera yake ya kwanza mwaka 2004. Ilikuwa ya filamu ya milimita 35, lakini ile ya kidijitali iliyofuata ndiyo iliyobadilisha hali: sasa mtu yeyote angeweza kubandika kamera ndogo kwenye kofia yake bila kuwa na ujuzi wa upigaji picha.

## Masharti ya uzoefu

Chama cha Parachuti cha Marekani (USPA) hutoa leseni za ngazi nne. Leseni A huhitaji angalau miruko 25, B miruko 50, C miruko 200, na D miruko 500. Pendekezo la chama hicho ni kwamba mrukaji asibebe kamera kabla ya kufikisha miruko 200, na vituo vingi vya kuruka hulifuata kama kanuni. Nchi nyingine zina kanuni zao, na kituo kinaweza kuweka sharti kali zaidi.

Hesabu ya miruko ni kipimo cha jambo lingine: je, mtu anaweza kuangalia kimo, kuwakwepa wenzake na kutatua hitilafu ya parachuti bila kulazimika kufikiri kwa muda mrefu? Dereva mgeni hutumia akili yake yote kushika usukani na kubadilisha gia. Baada ya muda mikono na miguu hufanya kazi hiyo yenyewe, naye anaweza kutazama barabara na kuzungumza na abiria. Mrukaji naye hupita njia hiyohiyo. Kamera inapaswa kuja baada ya mikono kuzoea kazi yake.

Pingamizi la kawaida ni kwamba kamera ndogo ina uzito mdogo na mtu anaweza kuiwasha ndani ya ndege kisha akaisahau. Walimu wa mchezo huu hujibu kwamba mtu anayejua anarekodiwa, au anayejua anarekodi, hubadilisha tabia. Humfuata mwenzake ili amweke kwenye picha, huchelewa kujitenga, hugeuza kichwa wakati usiofaa. Tena kifaa kidogo kinaweza kunasa kamba sawasawa na kikubwa.

## Vifaa

Kofia. Kofia ya mpigapicha inapaswa kukaa kichwani bila kutikisika, kwa sababu mtikisiko mdogo wa kofia huonekana mkubwa kwenye video. Umbo lake linapaswa kuwa laini, bila ncha wala pembe ambapo kamba zinaweza kukwama. Kofia nyingi za kazi hii zina kifungo cha dharura kinachoweza kufunguliwa kwa mkono mmoja ili kuitupa kofia nzima iwapo imenaswa na kamba za parachuti.

Kielekezi cha macho. Mpigapicha haangalii kioo cha kamera. Mbele ya jicho lake huwekwa kioo kidogo chenye alama ya duara au msalaba, kilichopangwa ili alama hiyo ielekee mahali lenzi inapoelekea. Akiliweka tukio ndani ya alama, anajua limo kwenye picha.

Kitufe cha mdomoni. Kwa picha za mnato, mikono haiwezi kubonyeza kamera iliyo kichwani, kwa hiyo hutumika kitufe kinachong'atwa kwa meno, kusukumwa kwa ulimi au kupulizwa.

Suti yenye mabawa. Wapigapicha wengi huvaa suti iliyoshonewa kitambaa kati ya mkono na kiuno. Akinyoosha mikono, kitambaa hushika hewa na mwendo wake wa kushuka hupungua, akiikunja, huongezeka. Kwa njia hii anaweza kulingana na watu wazito na wepesi. Suti hii inahitaji mazoezi ya pekee, kwani kitambaa kisipowekwa vizuri kinaweza kuziba kishikio cha kufungulia parachuti.

Parachuti. Parachuti ya mpigapicha inapaswa kuwa ya aina inayofunguka taratibu na kwa kunyooka. Kofia na kamera zikiwa na uzito wa kilo 2, na mwili ukipunguziwa kasi kwa nguvu mara tano ya uzito wake, shingo hubeba mzigo kama wa kilo 10 juu ya ule wa kichwa chenyewe. Parachuti inayofunguka kwa kishindo imewaumiza wapigapicha wengi shingo.

Vipimo vya kimo. Mrukaji huwa na altimita mkononi. Mpigapicha huongeza nyingine ya sauti, inayowekwa ndani ya kofia karibu na sikio na kulia kwenye vimo vilivyopangwa. Kifaa hicho ni msaidizi. Betri inaweza kuisha na kelele ya upepo inaweza kuzima mlio. Vilevile hutumika kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe iwapo mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa karibu na ardhi. Aina ya CYPRES kutoka Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, hufanya hivyo kwenye kimo cha takriban mita 225 katika toleo la warukaji wazoefu. Kwa kasi ya anguko huru, kimo hicho ni sekunde zisizozidi tano kutoka ardhini.

## Hatua za kuanza

Kanuni ya jumla ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu anayevaa kofia mpya, suti mpya na parachuti mpya siku moja hatajua ni kipi kilichomletea shida. Mpangilio unaofuatwa na wengi ni huu:

1. Kuzungumza na mpigapicha mzoefu wa kituo na kumwonyesha vifaa kabla ya kuvitumia.
2. Kufanya mazoezi ardhini: kuvaa kofia, kushika vishikio vyote vya dharura bila kutazama, na kufungua kifungo cha kofia mara nyingi hadi mkono uzoee.
3. Kuruka peke yake akiwa amevaa kofia na kamera, bila kumpiga picha mtu yeyote, ili kuona jinsi kichwa kinavyohisi parachuti inapofunguka.
4. Kuruka na rafiki mmoja mwenye uzoefu, kwa mpango rahisi, huku wakipatana mapema kila mmoja atakuwa wapi.
5. Kuongeza idadi ya watu kidogokidogo, kisha suti yenye mabawa ikiwa itahitajika.
6. Baada ya uzoefu mkubwa zaidi, kupiga picha za wanafunzi na wageni wa tandemu.

Wanafunzi wamewekwa mwisho kwa makusudi. Mrukaji mzoefu anaweza kumkwepa mpigapicha aliyekosea. Mwanafunzi hajui bado, na mgeni wa tandemu hana uwezo wowote wa kujiokoa.

## Mbinu za hewani

Mpigapicha anaweza kutoka mlangoni kidogo kabla ya kundi, pamoja nalo, au mara baada yake. Katika ndege nyingi hutoka nje kwanza na kuning'inia kwenye ngazi au kishikio pembeni mwa mlango, akitazama ndani. Akiondoka mapema mno atakuwa chini sana. Akichelewa atalifukuzia kundi kwa sekunde kadhaa huku tukio la mwanzo likimpita.

Hewani, nafasi yake hutegemea kazi. Kwa tandemu hukaa mbele ya abiria, kimo kilekile au chini kidogo, ili uso uonekane. Lenzi pana hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali, kwa hiyo picha nzuri ya uso huhitaji ukaribu wa mita chache. Jua likiwa nyuma ya mpigapicha, nyuso huangaza. Likiwa mbele yake, huwa vivuli.

Sehemu moja ya kuepuka ni juu ya mgongo wa mwingine. Mtu anayeanguka huacha nyuma yake hewa iliyovurugika isiyoweza kumbeba mwingine. Mpigapicha akiingia hapo hukosa hewa ya kumshikilia na kumwangukia aliye chini. Kwa tandemu kuna sababu ya pili: juu ya mkufunzi huwa kuna parachuti ndogo inayopunguza mwendo wa watu wawili waliofungwa pamoja, na kuinasa kunaweza kuhatarisha wote watatu.

Video za tandemu huonyesha abiria akivutwa ghafla kwenda juu parachuti inapofunguka. Hakuna anayepanda. Tandemu hupunguza kasi wakati mpigapicha anaendelea kuanguka, kwa hiyo kwenye picha yake huonekana kama wanarushwa angani. Wakati huohuo yeye mwenyewe yuko bado kwenye anguko huru, na anapaswa kuacha mara moja kuwatazama, kuangalia kimo, kuhakikisha hakuna mtu karibu na kufungua parachuti yake kichwa kikiwa kimenyooka.

## Hatari

Hatari ya kwanza ni kupoteza hesabu ya kimo, kama ilivyoelezwa. Ya pili ni kugongana na mwingine. Ya tatu ni kunaswa: kamba za parachuti au mikanda yake zikikwama kwenye kamera wakati wa kufunguka, parachuti inaweza kuharibika na kichwa kuvutwa. Hapo ndipo kifungo cha dharura cha kofia kinapohitajika, na mpigapicha anapaswa kuwa tayari kupoteza kamera yake bila kusita. Mtu anayehesabu bei ya kamera akiwa angani anapoteza sekunde asizokuwa nazo.

Hatari nyingine ni ya mawazo kutekwa na kazi. Mnamo Aprili 1988, katika jimbo la North Carolina, Marekani, mrukaji mwenye miruko zaidi ya 800 alipanda ndege ili kumrekodi mwanafunzi na mkufunzi wake. Alikuwa amebeba kinasa video mwilini. Aliruka nao, akawarekodi wakianguka na wakifungua parachuti zao, kisha ikaonekana kwamba yeye mwenyewe hakuwa amevaa parachuti. Alifariki. Inadhaniwa kwamba uzito wa kifaa cha video ulimfanya ahisi kama parachuti iko mgongoni. Tukio hilo hutajwa hadi leo kueleza kwa nini mpigapicha, hata mzoefu, anapaswa kukaguliwa na mwenzake kabla ya kupanda ndege na tena kabla ya mlango kufunguliwa, na kwa nini vifaa vya kuruka hukaguliwa kwanza na kamera baadaye.

## Mashindano na filamu

Katika mashindano yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI), mpigapicha ni mwanachama kamili wa timu. Katika mchezo wa kuunda maumbo kwa watu wanne, timu ina watu watano kwa kumhesabu yeye. Kikosi huwa na sekunde 35 za kuunda maumbo mengi iwezekanavyo kwa mpangilio uliotolewa, na waamuzi huhesabu kwa kutazama video. Umbo lisiloonekana kwenye picha haliwezi kupewa alama, hata kama lilikamilika. Kwa hiyo kosa la mpigapicha ni kosa la timu nzima. Katika mchezo wa sanaa za angani wa watu wawili, mmoja hucheza na mwingine humrekodi, na kazi ya kamera huwa sehemu ya alama.

Katika sinema, mfano wa karibuni ni filamu ya Mission: Impossible – Fallout (2018). Mpigapicha Craig O'Brien aliruka na mwigizaji Tom Cruise kutoka kwenye ndege ya kijeshi ya C-17 katika Falme za Kiarabu, kwenye kimo cha mita 7,600 hivi, akiwa na kamera kichwani. Ilihitajika zaidi ya miruko 100 kupata sehemu hiyo ya filamu.

## Afrika Mashariki na Ghuba

Kwenye pwani ya Kenya, miruko ya tandemu hufanyika Diani, kusini mwa Mombasa, ambako wageni hutua kwenye mchanga wa ufukwe na wanaweza kurekodiwa wakiwa hewani. Huko Dubai, miruko juu ya kisiwa bandia cha Palm Jumeirah imekuwa maarufu kwa sababu ya video na picha zake zinazosambazwa mtandaoni. Katika sehemu za namna hii watu wengi huona kazi ya mpigapicha wa angani kwa mara ya kwanza. Video ya dakika chache wanayoitazama imetokana na mtu aliyeruka mara mamia kabla ya kuruhusiwa kuwakaribia.